Siku Nilipomliza Diane Mbele ya Wakwe

Hii habari siipendi hata kidogo, na mpaka leo nikimwona mtu wa Kagarama mbele yangu nabadilisha njia, lakini kwa kuwa mmeshaisikia nusu nusu, afadhali muipate kwa mwenye aibu yake mwenyewe.

Mimi kusuka nimejifunza bila shule. Ada ya shule ya nywele nyumbani haikuwepo, basi nikawa naangalia video kwenye simu, nasimama mlangoni mwa saluni za Nyamirambo najifanya namsubiri mtu, halafu narudi zangu nyumbani Biryogo kufanya mazoezi. Nilifumua gunia la katani, nikazifunga nyuzi kwenye mgongo wa kiti, nikasuka, nikafumua, nikasuka tena, miezi mitano. (Kile kiti kilipendeza kuliko dada zangu wote.) Na nilikuwa navuta kwa nguvu zote, maana kwenye video naona nywele zimekaza na mistari imenyooka, na katani haina mdomo wa kulia.

Sasa kuna Diane, tuliyekua naye Biryogo ukuta kwa ukuta mpaka wazazi wake walipohamia Kagarama. Siku ya gusaba ilipopangwa, yaani siku ambayo ukoo wa mwanaume unakuja kumposa msichana mbele ya watu wote, akanipigia simu: "Shadia, wewe ndiye utanisuka. Si umejifunza saluni?"

Nikasema ndiyo. (Mungu anisamehe.)

"Basi uje huku Kagarama Alhamisi, shughuli iko Jumamosi."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikamwambia Alhamisi mapema mno, nitakuja Jumamosi yenyewe alfajiri, nywele ziwe mpya kwenye picha. Msusi wa kweli anajua kichwa kinahitaji siku mbili tatu kilegee. Mimi ningejuaje, kichwa cha mtu mzima nilikuwa sijawahi kukishika!

Nikasuka, nikavuta. Diane akasema, "Shadia, hapa nyuma iko inavuta sana," nikamwambia vumilia, urembo ndivyo ulivyo. Nikazikusanya zote juu, nikafunga fundo, nikamvisha na ule ukanda wa shanga kwenye paji. Mama yake akachungulia, akauliza, "Mbona kama ameshtuka?" maana nyusi zilikuwa zimepanda na macho yamevutwa pembeni. "Ni furaha, mama," nikajibu haraka kabla Diane hajafungua mdomo.

Chini ya hema familia mbili zimekaa zikitazamana, wasemaji wao wanataniana na kupimana maneno kama kawaida, na mimi nimekaa safu ya mwisho, naomba tu yaishe. Mwishoni bi harusi huletwa na wasichana wenzake wamevaa mishanana, yale mavazi ya kufungwa bega moja, anaulizwa kama anawafahamu wageni, anajibu ndiyo, yaani amekubali kuolewa, watu wanapiga makofi. Kila mtu anajua jibu.

Diane akatoka anatembea shingo imekakamaa, kama amebeba mtungi. Mzee msemaji wa upande wa mwanaume akatabasamu, "Binti yetu, hawa wageni unawafahamu?"

Akajaribu kutabasamu, ngozi ikakataa. Akajaribu kuitikia kwa kichwa, akaishia katikati, akashika kisogo, na machozi yakatiririka, mawili, manne, hayahesabiki tena.

Bibi mmoja jirani yangu akanong'ona kwa mshangao, "Yampaye inka! Wamemlazimisha." Yule mzee akaacha utani kabisa. "Sisi hatuchukui mtoto wa watu kwa machozi," akasema. "Kama hataki, tuambiwe, turudi kwetu kwa heshima." Baba yake Diane akasimama, na kijana wa watu, mchumba, amebaki anaangalia viatu vyake. Nikafikiri, Shadia, umevunja ndoa ya mwenzio. Nilitaka kusimama niseme, wallahi, lakini sikuwahi.

Aliyesema ni Diane: "Sijalazimishwa! Nampenda! Ni kichwa! Shadia, njoo unifungue, nakufa!"

Watu wote wakageuka. Nikapita katikati ya koo mbili na kitana mkononi, nikaanza kumfumua palepale, mbele ya kamera, na kila msuko ukiachia uso wake unashuka kidogo, na watu wanaangalia kama wanaangalia mpira. Shangazi wa mwanaume akainama kwangu: "Mwanangu, nani alikufundisha?"

"Nimejifundisha mwenyewe, shangazi."

"Tumeona," akasema.

Diane akageuza shingo (sasa inageuka) akaniangalia. "Si uliniambia saluni?" Nikaendelea kufumua. Aliulizwa tena, nywele zimesimama upande mmoja, akapiga kelele, "Nawafahamu wote!" na vigelegele vikalipuka, mimi nalia kuliko bi harusi.

Bado nasuka. Ila nimeapa, sitakubali sifa nisiyokuwa nayo, na mtu akiniambia inauma, nafungua hapohapo, bila mdomo. Diane alinisamehe, tena siku ya harusi yenyewe alinialika, akanipa kazi ya kugawa fanta, na mama yake akaniomba taratibu nisipitie nyuma ya viti, kwenye vichwa vya watu.