Bei Mbili za Fundi Pole

Pale barabara inapoanza kupanda baada ya mizani, malori mengi hukata tamaa. Na hapo hapo ndipo alipofungua gereji yake fundi mmoja ambaye madereva walimbatiza Fundi Pole. Gereji yenyewe ilikuwa kontena kuukuu, turubai lililotoboka, na ardhi iliyokunywa oili mpaka haioti hata magugu.

Jina hilo hakupewa bure. Lori likiharibika, alikuja ameshika kiuno kama aliyefiwa, akachungulia chini ya chesisi, akaguna, akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Pole moja ilikuwa bei ya kawaida. Ukipewa pole tatu, ujue umekwisha. Na pole zake hazikufuata ubovu wa gari, zilifuata mzigo. Mwenye saruji alihurumiwa kidogo, kwa kuwa saruji ina subira. Mwenye nyanya alihurumiwa mpaka akatamani kulia.

"Mimi siibi," alimwambia mkewe kila alipomtazama kwa jicho la pembeni. "Mimi nauza muda. Na muda hauna bei maalumu."

"Nimekuuliza kitu?" mkewe alimjibu.

Balaa lilianza pale mdogo wa mkewe, mtu wa kunyoosha mambo, alipofungua gereji yake ng'ambo ya barabara. Shemeji huyo alipaka ubao rangi nyeupe, akaandika bei ya kila kazi: kuziba tairi, kubadili springi, kufunga mpira wa breki. Fundi Pole alicheka mpaka akaegemea kontena.

"Shemeji, hiyo ni gereji au mgahawa?"

Alicheka hadharani, lakini moyoni alikuwa na hofu. Alihofia bure. Madereva walisimama mbele ya ubao, wakausoma, wakausifu, wengine wakaupiga picha. Kisha wakavuka barabara wakaja kwake. Shemeji alikuwa na kilema kimoja kibaya: risiti yake iliandika kile kile ulicholipa. Sasa dereva atafaidi nini na risiti ya namna hiyo? Fundi Pole aliwapa wapita njia pole, na wateja wa siku zote akawapa risiti. Kazi ya elfu ishirini iliandikwa sitini, tajiri mwenye lori akalipa sitini bila kujua, na ile arobaini ikagawanywa kindugu kabisa.

Mchana mmoja likaingia lori la mteja wake mkubwa, dereva mmoja mnene aliyependa kucheka. Siku hiyo hakucheka. Mpira wa breki ya upepo ulikuwa umepasuka na magurudumu yamekaza. Kando yake, kwenye kiti cha mbele, alikaa mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani, miguuni ndara, anamenya chungwa.

"Siku hizi unabeba na abiria?" Fundi Pole alimtania. Dereva akakohoa.

Kazi haikuchukua muda. Fundi alifunga mpira mpya, akasikiliza hewa ikijaa, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akatoa kitabu cha risiti.

"Ishirini kama kawaida. Nikuandikie ngapi leo? Sitini, au tupande kidogo?"

Dereva akakohoa tena, safari hii akamkanyaga mguu.

"Kaka, hicho kifua katafutie dawa," alisema Fundi Pole. "Basi naandika sabini. Huyo tajiri wenu atajuaje? Si ulisema mwenyewe, tangu mumewe afe yeye analipa tu?"

Mama akashuka taratibu, akatupa maganda kwenye pipa, akafungua pochi. Akahesabu elfu ishirini, akamkabidhi.

"Asante kwa kazi nzuri, baba. Breki zimeshika vizuri. Sasa niandikie risiti mbili. Ya ishirini ni yangu. Hiyo ya sabini ni ya huyu, nitamwonyesha tukifika, wakati tunapiga hesabu ya mshahara wake."

Fundi Pole akaandika risiti zote mbili. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, pole haikutoka. Dereva aliangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Malori ya yule mama yakahamia kwa shemeji. Matajiri wanaongea, kwa hiyo kabla ya mwezi kwisha yakahama na ya wenzake. Wiki nzima Fundi Pole alikaa kwenye kiti cha plastiki akihesabu malori yanayokata kona upande wa pili. Mwishowe mkewe akamletea ubao na kopo la rangi. Fundi akaandika "Bei kuanzia". Mkewe akachukua brashi, akafuta "kuanzia".

Mteja wa kwanza wa ubao alikuwa dereva wa lori la ng'ombe, springi imekatika, ng'ombe wanalia kwa kiu. Fundi Pole aliwatazama wale ng'ombe, akahesabu moyoni pole tatu. Kisha akataja bei iliyoandikwa.

"Punguza kidogo, fundi," dereva akasema.

Fundi Pole alipandwa na hasira za kweli.

"Nipunguze?" alifoka, akiupiga ubao kwa spana. "Hii ni bei ya haki, bwana! Nyinyi madereva hamna hata chembe ya uaminifu?"