Hindi la Juu ya Gunia

Juzi, katika duka la pembejeo hapa Sumbawanga, mzee mmoja wa Chala aliingia ameshika hindi kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka altareni. Lilikuwa hindi kweli, nene, limejaa mpaka nchani. Akaliweka kwenye kaunta.

"Nipe mbegu iliyozaa hili. Nimepewa na jirani. Msimu huu napanda hiyo shamba zima."

Shamba hilo ndilo chakula chao cha mwaka. Bintiye aliyekuja naye, anayesoma takwimu mwaka wa kwanza chuoni, akaligeuzageuza hindi. "Baba, jirani alilichagua hili?"

"Ungekuwa wewe, ungenipa dogo?"

Tukacheka wote, isipokuwa binti. "Ukinunua maharage sokoni, bambo la kuchotea sampuli unachoma juu ya gunia tu?"

"Thubutu!" Mzee akachoma hewa kwa kidole. "Nachoma juu, katikati na chini. Juu ndiko wanakoweka mazuri."

"Basi hili nalo ni la juu ya gunia."

Mzee akalitazama hindi. Kisha akasema mbegu isubiri kwanza. Atapita kwa jirani, aingie ghalani mwenyewe, avute mahindi ya kila upande bila kuchagua.

Wanaotutisha kwamba takwimu ni somo la wenye vichwa watuache. Tunalo kwenye bambo siku zote, ila tulikuwa tunaliacha sokoni.

Hindi lilibaki kwenye kaunta. Mteja aliyefuata akalinyakua. "Jamani! Hili limetoka mbegu gani?"

Mzee, aliyekwisha fika mlangoni, akageuka.

"Uliza kwanza nani alilichagua."