Gari Linalopokea Simu Lenyewe

Kaka yangu Otsile haogopi nyoka wala polisi, lakini ukimya anauogopa. Tangu mkewe arudi kwao Maun na asirejee, nyumba yake ya Tlokweng haijanyamaza hata siku moja. Ana spika kubwa sebuleni, ana nyingine ndogo ya kuning'iniza bafuni, na kwenye karakana anakoshona sare za shule anavaa vispika vya masikioni visivyo na waya ili asisikie kelele za vyerehani. Simu yake imeungana kwa Bluetooth na kila chenye uwezo wa kutoa sauti. Ukimtembelea, atakuonyesha kwanza kitu kipya alichokiunganisha, chai itafuata baadaye.

Yeye ndiye mkubwa wetu. Mimi, Gaone, ni wa pili, na nafundisha Francistown. Wa mwisho ni Mothusi, dereva wa malori, kipenzi cha mama, na hatukuwahi kumwonea wivu kwa sababu alikuwa kipenzi chetu sote. Mama anaishi na Otsile tangu miguu ianze kumsumbua. Otsile alimfundisha kuunganisha simu yake na spika ili asikilize tenzi akipepeta maharage, na siku ya Pasaka akamuunganishia na gari pia, akajisifu mwezi mzima.

Gari lenyewe ni dogo, la kutoka Japani, kama magari ya nusu ya watu ninaowafahamu. Redio yake inasema na kuandika Kijapani. Ukiwasha gari, msichana mmoja wa ndani humo anakusalimu, au anakuonya, hatujui. Ukikata Bluetooth, redio inajiwasha. Na simu ikiita, baada ya mlio wa tatu gari linaipokea lenyewe. Mwenye gari wa kwanza ndiye aliyelipanga hivyo, na mpangilio wa kulizuia umefichwa kwenye maandishi ambayo Otsile huyabonyeza kwa kubahatisha. Fundi aliwahi kumshauri aing'oe redio hiyo aweke nyingine. Akakataa, eti ina sauti nzuri. Kaka yangu ni mbishi wa kimyakimya, na ubishi wa namna hiyo hauna dawa.

Jumanne moja, saa sita mchana, Otsile alikuwa jikoni anapiga pasi shati, muziki ukitoka sebuleni. Muziki ukakatika, simu yake ikaita, akaibonyeza kuipokea, na ikasikika sauti ya Mjomba Keoagile, kaka yake mama, ikimtafuta kutoka Shoshong. Mjomba alimuuliza yuko na nani. Otsile akajibu yuko peke yake, maana mama alikuwa uani anafagia. Mjomba akamwambia kwamba lori la Mothusi limepinduka alfajiri karibu na Nata, na kwamba Mothusi hayupo tena.

Otsile alisimama na pasi mkononi mpaka shati likaungua. Kisha ndipo alipokumbuka kwamba maneno yale hayakutoka kwenye simu. Yalitoka kwenye spika kubwa, kwa sauti ya muziki, na dirisha la sebuleni lilikuwa wazi. Alichungulia. Mama alikuwa amesimama getini na ufagio wake, anaongea na jirani. Labda alikuwa hapo muda wote. Labda alisogea tu. Otsile aliniambia baadaye kwamba dakika ile ilimzeesha kuliko talaka.

Kwetu mzazi haambiwi kifo cha mtoto kwa simu, na haambiwi na anayekwenda kumchukua. Analetwa nyumbani, anakalishwa chini mkekani, wajomba na wazee wanakaa, ndipo anaambiwa. Anayeletwa haulizi, na anayemleta hasemi. Mimi nimewahi kugombana na mjomba juu ya desturi hii, nikamwambia ni ukatili uliovishwa adabu. Akanijibu kwamba siku nitakapoona mama anaanguka njiani bila mkono wa kumdaka, nitamtafuta niombe radhi. Basi kazi ya Otsile siku ile ilikuwa moja tu: kumfikisha mama Shoshong bila yeye kujua, safari ya saa tatu na ushee, akiwa kwenye gari lisiloweza kutunza siri.

Alimwambia mama kwamba mjomba anaumwa kikohozi na anataka kuwaona. Mama hakubisha. Aliingia chumbani, na Otsile alipopita mlangoni akamwona anakunja shali lake zito la mistari, lile la msibani, analiweka chini kabisa ya begi na kulifunika kwa kanga ya kulalia.  Mtu wa umri wa mama anajua maana ya kuitwa nyumbani ghafla katikati ya wiki. Alichokuwa hajui ni nani.

Sasa ikaja hesabu ya sauti, na hapo ndipo namhurumia kaka yangu kwa dhati. Mama hakosi matangazo ya vifo redioni. Kila siku saa ikifika anaacha chochote, anakaa, anasikiliza nani kafa, kijiji gani, mazishi lini, na akimjua anatikisa kichwa. Otsile aliwajua ndugu zetu wa Shoshong, ni watu wa haraka; huenda jina la Mothusi lilikwishapelekwa redioni. Kwa hiyo redio isisikike. Na ili isisikike, Bluetooth lazima iwe imewashwa, tenzi zicheze kutoka simu yake. Lakini Bluetooth ikiwa imewashwa, simu yoyote itakayoingia itapokelewa na gari mbele ya mama. Kuzima simu hakuweza, kwa sababu mjomba alimwagiza asiizime. Alifikiri hivyo tangu Tlokweng mpaka wakatoka mjini, kijasho kikimtoka, huku kwaya ikiimba kwa furaha.

Alichokuwa amekifanya ni kuwatumia watu ujumbe kabla hajawasha gari: wasimpigie mpaka afike. Wote tuliupata. Kabelo, mtoto wa mjomba, hakuusoma, kwa sababu Kabelo hasomi kitu kisicho na picha.

Walipopita Artesia mama akatazama saa yake, akasema wafungue redio. Otsile akasema antena imeibwa pale alipooshea gari. Mama akauliza lini, maana jana walisikiliza. Akasema leo asubuhi. Mama akageuka kuitazama antena, ikiwa imesimama pale juu ya paa.  Aliyarudisha macho barabarani na kuanza kufuatisha tenzi kwa sauti ndogo, na kwa Otsile hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Kilomita chache mbele, kwaya ikakatika na simu ikaita ndani ya gari zima. Otsile alibonyeza kitufe. Hakikuwa chenyewe, sauti ikapanda. Akabonyeza kingine, msichana wa Kijapani akasema jambo. Mlio wa tatu ukafika, na Kabelo akaingia.

"Otsile, mko wapi? Tunauliza hivi, zile nguo za—"

Otsile alikanyaga breki, akalipeleka gari pembeni kwenye vumbi, akazima ufunguo. Kila kitu kikanyamaza. Lori moja likawapita kwa kishindo na gari likatikisika.

"Mteja," alisema Otsile. "Anaulizia nguo za shule."

"Huyo ni Kabelo," mama akasema. "Kabelo hana mtoto wa shule."

Otsile aliushika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, shemasi wa kanisa, na machozi yalikuwa hapo hapo nyuma ya macho. Alisubiri swali linalofuata. Halikuja. Mama alifungua chupa ya maji, akanywa, akampa na yeye.

Geti la mifugo la Dibete, la kuzuia ugonjwa wa ng'ombe usisambae, lilimpa nafasi. Pale kila mtu anashuka, anakanyaga gunia lililoloweshwa dawa, na gari linapita kwenye dimbwi la dawa hiyo hiyo. Askari wa geti aliuliza kama wana nyama, akafungua begi la mama, akainua kanga na kuliona shali. Akalifunika taratibu, akasema, "Nendeni salama, mama." Huku mama akifuta viatu, Otsile akaitoa simu yake na kuikata Bluetooth. Aliona heri redio. Saa ya matangazo ilikuwa imeshapita, au ndivyo alivyojiombea. Simu ikiita, ataisikia mwenyewe mfukoni.

Alikosea, na ni kosa lililotokana na ujanja wake mwenyewe wa Pasaka. Alipowasha gari, msichana alisalimu, redio ikaanza kukoroma, kisha ikanyamaza. Gari lilikuwa limeikosa simu yake, likatafuta nyingine linayoijua, likaipata mkobani mwa mama. Kwenye kioo cha redio, katikati ya maandishi ya Kijapani, likatokea jina la mama.

"Naona sasa limenishika mimi," mama akasema.

Aliitoa simu, akavaa miwani, na kumpigia mjomba. Mlio ulijaa garini. Mjomba akapokea upesi.

"Keoagile. Wewe ni mzima?"

"Mzima kabisa, dada," mjomba akasema. Kisha akakumbuka. "Isipokuwa hiki kikohozi."

"Haya, kohoa."

Mjomba akakohoa. Mimi nilikuja kuambiwa na waliokuwepo kwamba wazee wote uani walimtazama anavyojikohoza kama mtoto anayekwepa shule, na hakuna aliyecheka. Mama alimtakia nafuu, akakata.

Akampigia mdogo wake, mama mdogo Segametsi. Huyu naye akapokea, na nyuma yake zilisikika sufuria na wanawake wengi. Alisema yuko kwenye mkutano wa kanisa. Mama alimuuliza afya, akamuulizia mumewe, akamuulizia wajukuu kwa majina, mmoja mmoja. Wote wazima. Akakata.

Otsile alikwishaelewa mama anafanya nini. Desturi inamkataza kuuliza nani kafa. Haimkatazi kuuliza nani mzima. Alikuwa anawahesabu watu wake kwa sauti, mmoja mmoja, na kila aliyeitika alitoka kwenye hatari, na kila aliyetoka alizidi kuwasogeza waliobaki karibu na hatari hiyo. Otsile alitamani aikate, akajua hana haki ya kuikata. Aliendelea kuendesha. 

Kisha akanipigia mimi.

Nilikuwa ndani ya basi la kutoka Francistown, nimepita Palapye, nimelia mpaka abiria wa pembeni amenipa leso zake zote. Nikaona jina la mama. Sikujua kama kaambiwa. Nikajikaza, nikapokea.

"Gaone."

"Naam, mama."

 Nilisikia gari, na nilisikia pumzi yake, ndefu, ikishuka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uko wapi?"

"Kazini."

Dereva wa basi akapiga honi. Nilifumba macho.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Asante."

Akakata. Nilibaki nimeishika simu, nikijiuliza ananishukuru nini. Nilidhani ni kwa kupokea. Alinishukuru kwa kuwa hai, na sijui kama kuna mtu atanishukuru tena hivyo, na nilikuwa nimemjibu kwa uongo mara mbili mfululizo. Hasira zangu zote juu ya mjomba na mkeka wake zilinirudi. Kama angeniuliza moja kwa moja, ningemwambia pale pale, mbele ya basi zima.

Ndani ya gari, mama hakuiweka simu chini. Otsile, ingawa alijikataza kutazama, alitazama. Kioo cha redio kilikuwa kinaonyesha orodha ya majina ya mama, na kidole chake kilikuwa kinayasogeza, na jina lililosimama katikati lilikuwa la Mothusi.

Lilikaa pale muda mrefu. Walipita alama ya Mahalapye, wakapita ng'ombe waliolala kando ya lami. Otsile alikuwa anaomba kimoyomoyo asibonyeze, kisha akaanza kuomba abonyeze yaishe. Alijua simu ile iko wapi. Polisi, alivyoambiwa na mjomba, waliipata kwenye lori, na ilikuwa bado inaita.

Mama akakifunika kioo cha simu kwa kiganja, akaiweka mkobani, akavuta zipu.

Otsile akaanza kupunguza mwendo ili asimame. Hakuweza kujizuia tena. "Mama," alisema, "mimi—"

"Usiseme," mama akasema. "Sijakuuliza. Wazee wamekaa wananisubiri, waache waseme wao."

"Ndiyo, mama."

"Mpaka tufike pale, mimi nina watoto watatu. Kwa hiyo usikimbize gari."

Kutoka hapo mpaka Shoshong ni kama kilomita arobaini, mwendo wa nusu saa. Mimi nilifika kwa basi na gari la kukodi, nikawakuta wazee wamekaa, mkeka umetandikwa, mjomba anatazama njia na kulalamika kwamba Otsile kazubaa wapi. Tulisubiri. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilima tulipoliona gari dogo linakuja kwa mwendo wa mtu anayetembea, msururu wa magari nyuma yake ukipiga honi, na Otsile hampishi mtu.