Niliyoyaona Mlangoni pa Zacharia

Olipa alikuwa mke wa mdogo wangu Lackson, na mimi ndiye niliyemharibia maisha. Watu wa Nchelenge hawasemi hivyo. Wao wanasema alijiharibia mwenyewe. Mimi nasema ni mimi, Matildah, kwa mdomo wangu huu, na tafadhali msinihurumie, maana huruma yenu siitaki.

Waliishi kwanza kwao Olipa, Mwansabombwe, Lackson akiwafanyia kazi wakwe zake miaka miwili kama inavyotakiwa, kisha mwaka 1950 wakahamia kwetu Nchelenge, ufukweni mwa ziwa. Olipa alikuwa mrefu, mwepesi wa mikono. Alipasua samaki na kuwapanga kwenye uchaga kabla mimi sijamaliza kunoa kisu. Na alicheka ovyo. Ukijikwaa anacheka, mvua ikilowesha samaki anacheka, huku amefunika mdomo kwa kiganja. Mtoto wao wa pekee alipokufa kwa surua nilidhani kicheko kimekwisha. Baada ya miezi kikarudi, na hilo nililiweka moyoni. Niliona hana uchungu.

Mwaka 1954, karibu na mwisho wa kiangazi, Lackson alikwenda na mwenzake Mwaba kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa letu. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kibanda alichokodi Zacharia, mnunuzi wa samaki wakavu kutoka Pweto, upande wa Wabelgiji. Sasa kwetu mume akiwa ziwani, mke hampi mwanaume mwingine moto wa jikoni mwake. Moto ule ni wa ndoa, na ukitoka nje ziwa humchukua mume. Tulikuwa Wakristo, tuliimba Jumapili kama wengine, lakini moto hatukutoa.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa nakwenda kuteka maji. Nikamwona Olipa anatoka kwa Zacharia na kigae cha kubebea makaa mkononi. Nikamwambia mama jioni ile ile, kwa maneno machache kama haya ninayowaambia, na mama akaguna tu. Tungeishia hapo. Lakini kesho yake Mwaba alirudi peke yake na mtumbwi.

Hapo ufukweni, akiwa bado ameloa maji, Mwaba alisema hivi: wavu ulinasa kwenye kisiki, Lackson akasimama kuuvuta, wimbi likaja, mtumbwi ukalala upande, akaanguka. Ndivyo alivyosema, tulimsikia wote. Mwili ulipatikana siku ya pili kwenye matete. Mama yangu, Chileshe, alijitupa juu yake, na sauti aliyoitoa sitaki kuikumbuka.

Kwenye msiba watu wakaanza kumuuliza Mwaba mambo. Nani alikuwa anapiga kasia? Mbona hukumshika? Nikaona jasho linamtoka. Siku ya tatu maneno yake yakawa mengine. Sasa maji yalikuwa yametulia kabisa, wimbi halikuwepo, na Lackson alipozama aliita, "Olipa! Olipa!" Wanawake wakapiga kelele. Anayezama akimtaja mkewe, basi mke ndiye aliyemzamisha kwa uchafu wake. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kumwita mkewe kwa sababu anampenda. Hata mimi sikufikiri, na Lackson nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka saba.

Ndipo niliposimama. Nilikuwa sijala siku tatu, kifua kinawaka. Nikasema nimemwona Olipa akitoka kwa Zacharia, anafunga kitenge chake, anacheka.

Kitenge na kicheko sikuvitaja kwa mama mara ya kwanza. Lakini niwaambie ukweli: sikuvitunga. Niliposimama pale nilikuwa naviona.

Olipa alikuwa amekaa chini, nywele zimejaa majivu. Akanitazama mimi tu, wifi yake aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ule mutu alikuwa na homa. Alikuwa anatetemeka. Nilimupelekea moto tu, juu angekufa. Moto, yaya, hakuna kingine."

Kumbe amekiri moto! Wakamrukia hapo hapo. Mzee Kapembwa, mshona nyavu, akainua mkono. Alisema yeye asubuhi ile alikuwa amekaa mbele ya kibanda cha Zacharia tangu alfajiri, na Olipa aliingia na kutoka muda wa kusalimia mtu tu, tena alitoka analia, si anacheka, kwa kuwa yule mgonjwa alimkumbusha mtoto wake.

"Weye, Kapembwa, macho yako iko na ukungu," mama alimwambia. "Na kila siku anakupa samaki. Nyamaza."

Kapembwa akaushusha mkono. Zacharia mwenyewe alikuwa ameshavuka kurudi Pweto, homa na yote, aliposikia watu wanamtafuta na mapanga. Kukimbia kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi. Mzee wa kanisa, Mwewa, alijaribu kusema habari za msamaha, wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakafanya walivyotaka.

Walichotaka ni kutomfungua. Mume akifa kwetu, roho yake inabaki kwa mjane mpaka ndugu wa marehemu wamfunge ushanga mweupe mkononi na kumwambia, nenda, uko huru. Asiyefungwa ushanga haolewi. Wanawake wenzake hawali chungu chake, na mtoto mchanga hapewi kumshika. Olipa aliondoka kwetu na mkono mtupu. Kwao Mwansabombwe walimvumilia mvua mbili, kisha hata dada zake wakaanza kupika mbali. Akaenda Mununga, kwa watu wasiomjua, na habari ikamfuata huko ndani ya mitumbwi ya samaki.

Mwaka 1958 mama aliugua, akajua anakufa. Akaniita.

"Enda umufungue ule mwanamuke. Simusamehe. Lakini sitaki kufa nimemushika."

Nilipanda boti ya wachuuzi hadi Mununga na ushanga ndani ya kitambaa. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Miaka minne nilikuwa silali vizuri, na sasa jambo hili litakwisha. Nikamkuta mwisho kabisa wa ufukwe, anakausha samaki wa watu, peke yake. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Nikampa salamu, nikamweleza nilichotumwa. Akafuta mikono kwa kitenge, akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikaanza kuzungusha ushanga.

"Ngoja, yaya. Mbele ya kufunga, uniambie. Ile asubui uliona nini?"

Ningeweza kudanganya. Mungu anajua nilitaka kudanganya. Nikafumba macho nimtafute Olipa wa siku ile, yule niliyemwona kabla Lackson hajafa, aliyebeba kigae basi. Sikumpata. Nilikuwa nimesimulia mara nyingi mno, kwa kina mama, kwa majirani, kwa nafsi yangu kitandani, na yule wa kwanza alikuwa ameshafutika.

"Nakuona unafunga kitenge," nikasema. "Unacheka. Mupaka leo nakuona, Olipa. Nisamehe."

Hakukasirika. Afadhali angenipiga. Akatoa mkono wake taratibu kwenye ushanga.

"Basi unakuja kunifungua kwa kosa yenye sikufanya. Nikikubali, nitakuwa nimesema ni kweli. Rudi na ushanga yako."

"Olipa, utakufa hivi hivi! Nani atakuzika?"

"Rudi nayo, yaya."

Akageukia samaki wake. Nilikaa pale mpaka boti ikaita, nikimsihi, nikilia, hata magoti nilipiga mchangani mbele ya watu. Hakunitazama tena.

Nilimkuta mama angali hai. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kumuuguza, na wote waliniuliza kwa pamoja kama nimemfungua. Nikasema amekataa.

"Amekataa ushanga?" mama akauliza, akajaribu kuinuka. "Si munasikia? Ni kweli alimuua mutoto yangu. Asiye na kosa anaweza kukataa?"

Wanawake wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Niliketi kando ya mkeka wake, nikamshika mkono, na sababu aliyonipa Olipa nikaificha pamoja na ushanga.