Sponji ya Bega la Kushoto

Kila asubuhi meza yangu ya magazeti hapa mtaa wa Beere, mjini Ibadani, huvamiwa na wanaume wasomao bila kununua. Huinamisha shingo, wakamaliza vichwa vya habari, kisha wakaanza kubishana kana kwamba nchi nzima inawasubiri. Kiongozi wao ni Mwalimu Akinrogun, mstaafu wa sayansi. Simpendi, wala sifichi.

Lakini ninayetaka kusimulia habari zake ni Osalade, fundi cherehani, jirani yangu. Alizaliwa na kibyongo. Bibi yake alimwambia kuwa yule mungu anayefinyanga watu alikunywa tembo la mchikichi siku hiyo, mkono ukateleza, na ndiyo maana wenye miili kama ya Osalade ni watu wa mungu huyo mwenyewe, hawachekwi. Mkewe alikufa mapema. Alimlea binti yake, Abeni, chini ya meza ya kukatia nguo hadi akawa muuguzi. Kwa miaka thelathini amepima mabega ya mji huu, na anasema hajaona jozi moja iliyo sawa.

Sasa Abeni amependana na Gbolahan, mtoto wa Mwalimu. Baba mtu akakataa. Angekwenda kukataa kwa adabu nyumbani kwa watu. Yeye alikuja kukatalia mezani kwangu, tena kwa kumsingizia Mungu.

"Gazeti hili limejiandika lenyewe?" aliuliza, akilipiga kofi. "Herufi zimejipanga? Basi mwili je? Jicho, sikio, mabega mawili sawia! Kazi hii ina Fundi!"

"Mwalimu, gazeti hilo lina mwandishi na lina makosa kila ukurasa," nikamwambia. "Na hujalinunua."

Watu wakacheka. Sule, fundi pikipiki, akadakia: "Enhe! Kama ni Fundi, mbona gego la mwisho halina nafasi mdomoni? Mimi nikifunga spea isiyoenea, mteja ananirudishia pikipiki."

"Nyamaza, wewe! Oili imekupanda kichwani. Fundi hakosei. Ukiona mstari umepinda, jua ukoo una laana." Akamnyooshea kidole Osalade, aliyekuwa akishona mlangoni pake hapo jirani, bila haya hata chembe. "Na mwenye akili hapandi mbegu iliyopinda shambani kwake. Nitazameni mimi! Kulia na kushoto, sawasawa!"

Osalade hakuinua kichwa. Mapajani alikuwa na koti la huyo huyo Mwalimu, lililoletwa kubadilishwa bitana.

"Litakuwa tayari kesho, Mwalimu," alisema tu.

Nilimdharau siku ile, nakiri. Nilidhani ni woga.

Kesho yake Mwalimu alilichukua koti, akalivaa huku anatembea, akaja moja kwa moja mezani kuendelea pale alipoachia. "Fundi hakosei," alianza.

"Mwalimu," Sule akamkatiza, "mbona leo umelala upande?"

Kweli. Bega la kushoto lilikuwa limeporomoka, na koti linaning'inia kama nguo iliyochomoka kibanio kimoja kambani. Mwalimu akajitazama kwenye kioo cha pikipiki.

"Osalade! Umeniharibia koti!"

Osalade akatoka, futi shingoni, mkononi kipande cha sponji kinene kama kipande cha kiazi kikuu.

"Koti sijaliharibu. Nimetoa sponji. Miaka ishirini naiweka bega la kushoto, kila koti, na sijakwambia, kwa sababu mteja hasimangwi kwa umbo lake. Hii tu ndiyo ilikuwa kazi yangu, Mwalimu. Iliyobaki ni ya huyo Fundi wako."

"Irudishe," Mwalimu alinong'ona.

"Ngoja kwanza. Abeni wangu nimempima: kapinda kidogo, kama watu wote. Wewe umepinda kwa upana wa vidole viwili. Niache nifikiri kama nimtie binti yangu kwenye ukoo wa namna hiyo."

Hapo Mwalimu Akinrogun, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinunua gazeti. Alilikunja mara nne, akalishindilia chini ya koti, begani, akaondoka bila kuaga.

Gbolahan alimwambia baba yake kwamba bila Abeni haoi. Jumamosi Mwalimu akaja kuposa, pamoja na wanaume wa ukoo wake, wakileta viazi vikuu arobaini na kokwa za kola za kutafuna. Wakalala kifudifudi mbele ya Osalade, kama desturi inavyotaka. Osalade aliwaacha pale chini kitambo kirefu, nami nikafurahi bila kujizuia. Kisha akawaambia wainuke, akatia mkono mfukoni, na kumrudishia Mwalimu sponji yake.