Neno Alilolia Shangazi

“Wewe unayesoma, mjukuu wangu, neno moja laweza kumfungia mtu mlango wa pepo?”

Bibi aliniuliza hivyo tukichambua mchele. Chuoni kwa maalim nilifundishwa kuisoma Kurani, si kuielewa.

Juzi nimepita mtaa wetu wa Kariakoo. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyopondwa imevunjwa, na baraza yake pia. Harufu ya papa mkavu kutoka sokoni ndiyo iliyobaki.

Ungeipenda baraza ile, rafiki yangu. Kila baada ya alasiri maalim aliketi upande mmoja, na upande wa pili mpangaji wetu, mwalimu wa misheni, Biblia magotini. Kahawa ilizunguka, na kashata. Sisi wasichana tulikuna nazi ukumbini tukiwasikiliza.

Siku moja walibishania mahali Mariamu alipojifungulia.

“Zizini, Mwalimu? Mama wa nabii mnampeleka kwa punda?”

“Na nyinyi mnamtikisisha mtende. Mwanamke ana uchungu, atikise mtende? Jaribu wewe, Maalim, na uzima wako huo.”

Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika.

Chumbani, nyuma ya dirisha la baraza, shangazi yangu, binti wa pekee wa Bibi, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga alikuwa ameacha kumpa moyo. Mara shangazi akalia kwa sauti kwamba heri angekufa kabla ya siku hii, akasahaulika.

Kicheko kilikatika. Maalim akasogea dirishani. “Mwambieni atubu. Muumini hajitakii kifo.”

“Hata kwetu ni dhambi,” akasema mwalimu wa misheni. Sikumbuki jambo jingine walilowahi kukubaliana.

Kisha maalim, ili amalize ubishi, akasoma kisa chote cha Mariamu na mtende, kwa sauti iliyokuwa nzuri kuliko zote mtaani. Hakuna mle chumbani aliyejua Kiarabu. Bibi, ameushika mkono wa binti yake, alisema usomaji ule ulimtuliza.

Shangazi alikufa kabla ya magharibi, mtoto akiwa tumboni. Pumzi ya kutubu hakuwa nayo. Wanawake wakanong'ona bombani kwamba alikwenda na kufuru mdomoni. Bibi akaacha kuchota maji pale. Hakuthubutu kumuuliza maalim, kwa kuogopa jibu. Akaniuliza mimi, mwaka hadi mwaka, mpaka naye tukamzika.

Nilipofika chuo kikuu sikuwa naamini kitu kabla sijakisoma mwenyewe. Nikatafuta Biblia, na Kurani yenye tafsiri. Injili haikugusa uchungu wa Mariamu hata kidogo. Kurani iliugusa. Kabla tu ya tende kuanguka, uchungu unampeleka Mariamu kwenye shina la mtende, naye analia kwamba heri angekufa kabla ya haya, akasahaulika kabisa.

Maneno hayo maalim aliyasoma siku ile, pale dirishani, yote, bila kuruka hata moja.