Kukhu na Sakafu ya Kanisa

Kanisa letu kule Navakholo bado lina sakafu ya udongo, na kwa miaka mingi nyanya yangu, Kukhu, ndiye aliyeisiriba kwa mavi ya ng'ombe kila Jumamosi. Mtu mwingine akithubutu kushika ndoo, Kukhu alinuna wiki nzima. Nampenda sana, lakini kichwa chake ni kigumu kama jiwe la kusagia.

Mwaka jana aliteleza akavunjika mguu. Hospitalini walimfunga plasta hadi pajani, wakamrudisha nyumbani. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima raha ni habari ya mbinguni.

"Mimi nimekuwanga mtu wa kazi," aliniambia akiwa kitandani. "Sasa nimelala tu. Nikienda hivi, nitamwambia Mungu nini?"

Aliogopa kweli. Mimi, mwalimu wa shule ya Jumapili, nikamhubiria: wokovu ni zawadi, haununuliwi kwa jasho, na kazi njema ni shukrani tu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe ulisiriba kanisa lini?"

Jumamosi iliyofuata akina mama watano wa kanisa wakaja. Walimsiribia nyumba, wakamfulia mablanketi, kisha wakaingia jikoni wakapika. Sasa, kwetu mgeni haondoki bila kula, na mpishi ni mwenye nyumba. Kupikiwa na wageni kwenye mafiga yako mwenyewe ni aibu. Kukhu alilia kwa hasira, akaniamuru nikamate ingokho wake, kuku pekee aliyebaki, niwape waende naye. Nilimkamata. Wao wakamwachilia uani, wakacheka.

Mkubwa wao akaketi kando ya kitanda, akamega tonge la obusuma, ugali wetu, akalichovya kwenye mboga, akampelekea mdomoni.

"Mama, leo huna kazi. Kula tu."

Kukhu akageukia ukuta. Tukangoja. Namjua, nilidhani tutangoja mpaka jua lizame, na mkono wa yule mama ulikuwa umeanza kuchoka. Halafu Kukhu akageuka polepole, akafumba macho, akafungua kinywa.

Alitafuna huku machozi yanamtiririka. Mimi mhubiri nilijifanya natazama kuku mlangoni, nisionekane nalia. Alipomeza, akapangusa uso kwa leso, akasema, "Ongeza."

Tangu siku hiyo hajaniuliza tena atamwambia Mungu nini.